Donge Lililoumuka Njia ya Kibondo

Hadi leo mama na mimi hatujakubaliana kama siku ile nilimharibia mwalimu usaili wake au nilimwokoa. Mama akiwa na hasira anasema nilimharibia. Akiwa ameuza mikate yote anasema nilimwokoa. Mimi nasema iulizwe hamira.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mpangaji wetu. Alikaa chumba cha uani, kile kinachotazamana na oveni ya matofali ambayo mama anaokea mikate ya kuuza hapa Kasulu mjini. Alifundisha hesabu kwenye sekondari ambayo, namshukuru Mungu, si yangu. Hesabu zangu za kidato cha tatu zilikuwa za kusikitisha, sikutaka shahidi anayekunywa chai nyumbani kwetu. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, wakalima, wakazaa, wakapata uraia; yeye alizaliwa hukuhuku. Kiswahili chake kilikuwa na wimbo kiasi kwamba akikuomba chumvi unaona kama anakupa pole. Lakini sisi Waha tusimcheke sana. Wimbo ni uleule, tumebadilisha kwaya tu.

Alikuwa na tabia moja iliyoniudhi: hakusema ndiyo.

"Ticha, leo mvua itanyesha?"

"Inategemea."

"Ticha, uji mtamu?"

"Kwa sehemu kubwa."

Kwa Kiha na kwa Kirundi ndiyo ni "ego", neno dogo, halimchoshi mtu. Hata hilo lilimshinda. Mama alisema ni adabu, mimi nikasema ni ugonjwa. Yeye alisema mtu wa hesabu hakubali jambo mpaka aone uthibitisho, na maisha kwa kawaida huja bila uthibitisho.

Kilichokuwa kinamla ni hiki. Kulikuwa na watu watatu wa chuo kikuu fulani waliokuwa wakipita wilayani kutafuta walimu wa kuwasomesha shahada ya pili. Unasimama mbele yao, unaeleza kwa maneno ya kawaida unachotaka kusoma, wanakuuliza maswali, basi. Mwalimu alishasimama mbele yao mara mbili. Mara ya kwanza aliwapa mgongo, akaandika ubao mzima, akafuta, akaandika tena, muda ukaisha hajatamka kitu. Mara ya pili alitamka neno moja, "Tuchukulie," halafu kimya. Alitusimulia mwenyewe haya, macho yakiwa ndani ya kikombe. Sasa barua ya tatu ilikuwa imefika: wiki tatu zijazo, ukumbi wa walimu, Kibondo. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja kwamba mtu haitwi mara ya nne.

Ilikuwa likizo ya Juni, ile baridi yetu ya milimani inayokufanya uvae sweta mpaka saa tano asubuhi. Mimi na mama tulikuwa uani tunakanda. Mwalimu akatoka chumbani na kipande cha chaki, akaomba ruhusa atujaribishie maelezo yake. Mama akasema karibu, baba. Akageukia ukuta wa oveni, mgongo kwetu, akaanza kuandika.

"Ninachotaka kusoma ni mienendo," akauambia ukuta. "Una uso. Juu ya uso huo una kanuni ya kusogea. Unauliza: kitu kikisogea kwa kanuni hiyo siku zote, kinafika wapi?"

"Sasa hiyo inasaidia nini, ticha?" nikamwuliza. "Inaivisha maharage?"

Mabega yake yalishuka. Hakugeuka. Alitia chaki mfukoni, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole, ile polepole ya mtu mstaarabu ambayo inauma kuliko kubamiza.

Mama akanitazama. Mama yangu hapigi. Anakutazama huku anaendelea kukanda, ngumi zinazama kwenye unga, na wewe unajua fika ule unga ni nani.

"Mwenzio ana wiki tatu," akasema. "Wewe una mdomo usio na kazi. Kuanzia kesho utamsikiliza kila alasiri mpaka uelewe."

"Na nisipoelewa?"

"Utakuwa umepata ajira ya kudumu."

Basi nikawa mwanafunzi wa lazima. Siku ya kwanza alianza tena na ukuta. Mimi nikapiga miayo kwa sauti, ile miayo ya kanisani. Akageuka kunitazama, na macho yake yakaangukia ngata ya mama iliyokuwa juu ya kuni, ile duara ya majani makavu ya mgomba anayoweka kichwani akibeba ndoo. Akaichukua.

"Huu nao ni uso," akasema. "Mweke sisimizi hapa juu. Yeye anaona uwanja tambarare tu. Hajui kama uwanja umepinda, hajui kama katikati kuna tundu. Kama wewe ukiwa shambani kwenu kule Titye. Unaona shamba, huoni kwamba dunia ni mviringo."

"Mimi nikiwa Titye naona jembe, ticha."

"Sawa, jembe. Sasa sisimizi anatembea mshazari, hageuzi mwelekeo. Anaizunguka ngata, na wakati huohuo anaingia tunduni na kutoka kwa nje. Je, atarudi pale alipoanzia?"

"Akichoka."

"Hachoki. Ni sisimizi wa hesabu."

Akanieleza, kidole kikitembea juu ya majani. Kama mshazari wake ni wa kulingana, tuseme mizunguko mitatu ya huku kwa miwili kamili ya kule, sisimizi anarudi palepale, na maisha yake yote anakanyaga njia ileile kama basi la wilaya. Lakini kama mshazari haulingani kwa namba yoyote nzima, harudi kamwe kwenye nukta aliyoanzia. Ila hakuna mahali kwenye ngata, hata padogo kama ncha ya sindano, ambapo hatapita jirani.

"Kwa hiyo huyo anapita nje ya mlango wa kwao maisha yake yote, na hapigi hodi?"

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. "Unaweza kusema hivyo," akajibu.

Hapo ndipo nikagundua jambo ambalo wale watu wa chuo hawakuligundua mara mbili. Ukimwacha aongee peke yake, mwalimu anaongea na ukuta. Ukimchokoza, anageuka. Kwa hiyo nikaanza kumchokoza kwa bidii, bure kabisa, kazi ya kujitolea. Kila alasiri nilifungua kwa salamu ileile, "Ticha, yanaiva au hayaivi?", naye akageuka na kunijibu. Mama akadai nimepata wito.

Siku ya donge mwalimu alikuwa anakwenda kuoga. Taulo begani, maji ya moto yameshawekwa bafuni. Mama alikuwa akilivuta donge liwe refu mara mbili, analikunja, analivuta tena, analikunja. Mwalimu akasimama katikati ya ua.

"Mama, rudia hapo."

"Nirudie nini tena, baba?"

"Hivyo hivyo. Vuta, kunja."

Akaomba rangi nyekundu, ile ya kutilia keki, akadondosha tone moja pembeni mwa donge, na kando yake akapachika punje mbili za iliki. Mama akavuta, akakunja. Tone likawa mstari. Mstari ukawa miwili, ukawa minne, ukawa minane, halafu tukaacha kuhesabu. Maji ya kuoga yalipokuwa yamepoa kabisa, donge zima lilikuwa la waridi.

"Kata kipande popote," mwalimu akaniambia. Nikakata. "Kata kingine kule." Nikakata. "Unaona? Kila kipande kina wekundu kwa kadiri ileile. Hakuna kona iliyosahauliwa. Na zile punje mbili za iliki zilizokuwa zimelala pamoja, moja iko huku, nyingine kule. Kila donge likivutwa, nafasi iliyo kati yao inaongezeka maradufu. Wanatoka kitanda kimoja, kesho hawajuani."

Mama akajifuta paji la uso kwa nyuma ya mkono. "Sasa nikiendelea kukanda hivi," akauliza, "huu wekundu utarudi ukae pamoja tena?"

Mimi nikacheka. Nilidhani ni swali la kuchekwa. Mwalimu hakucheka. Alikaa kwenye kigoda na taulo lake.

"Mama, hilo ndilo swali langu. Ndilo ninalotaka kwenda kusoma."

Akasema: donge lisipoongezwa wala kupunguzwa, kila sehemu yake ikavutwa na kukunjwa lakini ikabaki na ukubwa uleule, yaani kipimo kikihifadhiwa, basi kuna ahadi. Karibu kila punje itarudi jirani na pale ilipoanzia, na si mara moja, tena na tena bila mwisho. Na hata zote kwa pamoja, ipo siku zitajikuta zimekaribia kukaa kama zilivyokaa mwanzo, na lile tone litaonekana.

"Lini?" mama akauliza.

"Ahadi haina tarehe. Labda oveni hii itakuwa imerudi kuwa udongo, na udongo umerudi kuwa kilima."

"Na hiyo 'karibu kila' ni ya nini?" nikadakia. "Umeanza tena ugonjwa wako."

"Wapo wasiorudi. Lakini ukiwakusanya wote, hawajazi kijiko. Kipimo chao ni sifuri."

"Lakini wapo?"

"Wapo."

"Masikini," mama akasema. Alikuwa anazionea huruma punje za unga. Kisha akakumbuka. "Lakini mimi nikikanda huwa nanyunyizia unga mwingine, usishike mikono."

"Basi ahadi imevunjika, mama."

"Kwa unga kidogo tu huo?"

"Inategemea."

Jioni hiyo tukakubaliana. Kibondo ataenda na donge. Asiandike chochote ubaoni. Mama aje akande mbele ya wale watu, yeye aeleze. Sharti lake lilikuwa moja, na alilirudia kama mtu anayeagiza dawa: unga, maji, chumvi, basi. Hamira hapana.

Siku mbili kabla ya safari msiba ukatokea Titye, upande wa mama. Akaenda. Mkandaji nikawa mimi.

"Utaweza?" mwalimu akaniuliza.

"Ticha, mimi nakanda hata nikiwa nimelala."

Nilikuwa nasema ukweli, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Nimeanza kukanda nikiwa na miaka tisa. Saa kumi na moja asubuhi mikono yangu inaamka kabla yangu: unga, chumvi, sukari, hamira. Na kwa kuwa Juni ni baridi, waokaji wa huku milimani huongeza hamira mara mbili, wanafunika ndoo, wanaivisha kitenge kama mtoto mchanga na kuitafutia mahali penye joto, la sivyo mkate unakuwa tofali. Asubuhi ile mikono ilifanya yote hayo. Mimi nilikuwa nawaza jinsi nitakavyomchokoza mwalimu njiani.

Tulisafiri na Alhaji, mzee mwenye duka linalouza mikate yetu, mtu wa asili ya Pwani aliyekuja Kasulu kwa biashara ya mwezi mmoja akasahau kurudi. Alikuwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo chenye injini chini ya viti. Alhaji akashika usukani. Mwalimu akapanda nyuma juu ya magunia ya sukari, karatasi zake kifuani. Mimi mbele. Na ndoo, katika kitenge chake, nikaiweka hapo katikati, penye joto zuri la injini.

Tulipofika Busunzu Alhaji akasimama kuongeza maji kwenye rejeta. Nikasikia kitu kikisema "tsss" pembeni yangu. Nikatazama. Mfuniko wa ndoo ulikuwa umeinuka upande mmoja, na donge lilikuwa linachungulia nje kama jirani mbeya.

Mikono yangu ilikumbuka kabla yangu, tena. Hamira. Na tena mara mbili.

Nilifanya jambo la kwanza lililonijia. Nilikaa juu yake.

Mwalimu akashuka kujinyoosha, akaja dirishani. Akanitazama kichwa changu kikiwa kinagusa paa la gari.

"Mbona umekaa juu ya ndoo?"

"Kiti kina joto, ticha."

Akavuta pumzi kwa pua. "Haya," akasema, akarudi kwenye magunia yake.

Alhaji alipoingia akanikuta nimebinuka vile. "Wewe mtoto, unaangua mayai?"

"Ndiyo, Alhaji."

"Basi yakitotoka nipe jogoo mmoja."

Kutoka Busunzu mpaka Kibondo nilikaa juu ya donge linalopumua. Kila tukiruka shimo lilinisukuma, na mimi nikalisukuma. Nimechekesha watu kanisani, nimechekesha gwaride la shule, nilishawahi kumchekesha mjane msibani na mama akaniminya sikio mpaka likawa na umbo jipya. Safari ile sikuwa na hata kichekesho kimoja. Nyuma yangu kulikuwa na mtu anayerudia maneno yake juu ya magunia, na sauti yake ilikuwa inaingia dirishani vipande vipande: "kipimo kikihifadhiwa... kipimo kikihifadhiwa..."

Ukumbi ulikuwa na meza ndefu, ubao, na wale watu watatu. Aliyeongoza alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Wanaume wawili pembeni yake walikuwa wakiandika. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika ndoo, niliruhusiwa kusimama mlangoni.

Mwalimu aliwasalimu. Kisha, Mungu nisaidie, akageukia ubao. Tulikubaliana asiguse chaki. Akaigusa. Akaandika mstari, akaandika wa pili, chaki ikilia, na nikaona wakati unakwenda hivihivi.

"Mwalimu," yule mama akasema kwa upole, "tuambie kwa maneno."

Chaki ikasimama. "Tuchukulie," akasema.

Kimya.

Mmoja wa wale wanaume akatazama saa. Mwalimu akaninyooshea mkono bila kugeuka: leta ndoo. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikaiweka mezani, nikafungua kitenge, nikainua mfuniko.

Donge liliinuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Likapita ukingo wa ndoo, likajimwaga mezani taratibu, limejaa matundu, linanuka mkate. Yule mwanaume wa saa akacheka.

"Mwalimu, umetuletea kifungua kinywa?"

Mwalimu akaligeukia, akalitazama, akanitazama mimi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akarudi kwenye ubao wake, na mabega yakashuka vilevile kama siku ile ya kwanza uani. Nikajua kinachofuata. Kinachofuata ni chaki kuingia mfukoni na mlango kufungwa polepole, na safari hii hakuna barua nyingine.

Sikufikiri. Mdomo wangu nao huwa unaamka kabla yangu.

"Sasa hiyo inasaidia nini, ticha?" nikapaza sauti. "Inaivisha maharage?"

Yule mama mwenye miwani akainua mkono anitoe nje.

"Haiivishi," mwalimu akaujibu ubao. Halafu akageuka. Akageuka mwili mzima, kama uani. "Haiivishi maharage, binti, nimekwambia mara ngapi? Lakini inaweza kukwambia kama maharage uliyokoroga yamekorogeka kweli, au chumvi imebaki kona moja."

Mkono wa yule mama ukabaki hewani.

"Basi mbona donge lako limeharibika?" nikaendelea.

"Halijaharibika. Limevunja sharti." Akasogea mezani. "Donge tulilokusudia lina ukubwa usiobadilika. Lina ahadi kwamba karibu kila sehemu itarudi jirani na ilipoanzia. Hili limetiwa hamira. Kila sehemu inakua. Kipimo hakihifadhiwi. Kwa hili siwezi kukuahidi kitu. Lipige."

"Nini?"

"Lipige ngumi."

Nikalipiga. Likatoa pumzi ndefu, yule mwanaume wa pili akashtuka, donge likanywea. Mwalimu akadondosha tone jekundu.

"Sasa limerudi kwenye kipimo chake, kwa sehemu kubwa. Vuta. Kunja."

Nikavuta, nikakunja. Akaanza kueleza. Tone, mstari, miwili, minne. Punje mbili za iliki. Mwanzoni alikuwa ananieleza mimi. Kisha macho yake yakaenda kwa yule mama, yakarudi kwangu, yakaenda tena, yakakaa huko. Nikanyamaza. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kimya changu kumfaa mtu. Mikono yangu ikaendelea, na donge likawa la waridi, na mwalimu akafika hadi kwenye ngata na sisimizi bila kugusa chaki.

"Nina swali," yule mama akasema mwishoni. "Lile donge la mwanzo. Kama lisingepigwa, likaendelea kukua bila mpaka. Hizo punje zingekuwa wapi?"

Nilidhani atasema inategemea.

"Hapo kuna sehemu zinazotangatanga," akajibu. "Zinaondoka, na hata ukingoja milele, hazigusi tena mahali pake. Hazina kosa. Ni kwamba pale zilipokuwa pamekuwa pakubwa mno." Akafuta mikono yenye chaki kwenye suruali, suruali yake moja ya heshima. "Mimi nimelelewa na watu walioambiwa kila msimu kwamba mwakani watarudi kwao. Wengine walirudi. Wengine walikaa wakazeeka hapa wakiwa wamefunga mizigo. Sikuja kueleza hayo. Ila nilipokutana na hesabu inayouliza nani hurudi, na kwa masharti gani, nilikaa nayo."

Hakuna aliyetazama saa.

Tulitoka tukiwa na ndoo na donge la waridi ambalo hakuna aliyejua la kulifanya. Sokoni Kibondo kulikuwa na mama mmoja anakaanga maandazi. Tukamwomba atukaangie na la kwetu. Alhaji alipotufuata akachukua moja, akaligeuza huku na huku.

"Andazi la waridi! Kwetu Pwani hili tungelipeleka harusini." Akalila. Akachukua la pili.

Nilisubiri Alhaji aende kutafuta mizigo yake ya kurudi nayo. "Ticha," nikasema, "ni mimi niliyetia hamira. Nilisahau. Mikono ilisahau."

"Najua. Nilisikia harufu yake Busunzu."

"Busunzu! Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungefanya nini? Ungeitoa?"

Nikafikiri. Hamira ikishaingia haitoki, hata mama hana dawa yake. "Lakini uliogopa?"

"Niliogopa kuanzia Busunzu mpaka pale mlangoni," akasema. "Halafu nikaogopa zaidi." Akaniongezea andazi. Nilishindwa kulila haraka, jambo ambalo kwetu huchukuliwa kuwa dalili ya malaria.

Majibu yalikuja mvua zikiwa zimeanza, kupitia sanduku la posta la Alhaji, ambako nusu ya mtaa wetu hupokelea barua. Alhaji aliileta mwenyewe, mwavuli mkono mmoja, bahasha mkono mwingine, hakukubali kumpa mtu mwingine yeyote. Mwalimu akaisoma amesimama pale kwenye oveni. Akampa mama. Mama, ambaye herufi ndogo zinamkimbia, akanipa mimi. Nikasoma kwa sauti kwamba amepokelewa. Chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu, mwandiko mzuri wa kizamani: wasilisho lijalo lisiwe na hamira.

Mama akapiga kigelegele mpaka majirani wakadhani kuna mchumba. Ndipo pia alipoelewa mambo ya hamira, kwa kuwa mimi sikuwahi kumsimulia, na kigelegele kikakatika katikati.

Mwalimu aliondoka asubuhi ya manyunyu. Vitu vyake vilikuwa begi moja na boksi la karatasi. Mama akamfungia mikate minne, kisha akaona haitoshi akaongeza ngata yake ya majani ya mgomba, ile yenyewe, kwa kuwa boksi lilikuwa zito na stendi ni mbali. Mimi nilimsindikiza hadi kwenye lango. Nilikuwa nimeandaa vichekesho vitatu, vyote vizuri. Vikagoma.

"Ticha, utarudi kututembelea?"

Akaweka boksi chini. Nikaona anaanza. "Hilo, ukichukulia kwamba masharti ya—"

"Ticha, usinizingue. Utarudi au hurudi?"

Alitazama ua, oveni, mama aliyejifanya anapanga kuni. Akaivaa ngata kichwani, ikakaa upande, akapandisha boksi juu yake, mtu mzima na shahada yake.

"Ego," akasema.